Oili ya Difu ya Nyuma: Kabla Hujaulizwa Nene au Nyepesi

Ingia duka lolote la spea hapa Unguja, la Darajani au la Mwanakwerekwe, useme, "Ami, nipe oili ya difu." Utaulizwa swali moja: "Nene au nyepesi?" Na wewe, kwa kuwa tangu utotoni umesikia kwamba difu, yaani zile gia zinazogawa nguvu ya injini kwenye magurudumu, inakula oili nene, utajibu nene. Utapimiwa kutoka kwenye pipa, utatiliwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, utalipa, khalas. Biashara imekwisha, na jambo lenyewe hakuna aliyeligusa.

Mimi si fundi wa cheti. Nina pikapu ya Toyota ya umri mkubwa inayobeba magunia ya mwani kutoka Paje na Jambiani, na difu yake nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mengine nimefundishwa na mafundi, mengine nimeyapata kwa hasara. Nitayaeleza kwa mpango ninaoufuata mwenyewe: kwanza kuijua difu, kisha kuijua oili, kisha kununua, mwisho kutia.

Je, gari yako inayo?

Usicheke. Nimemwona mtu mzima na Vitz yake akiulizia oili ya difu ya nyuma. Vitz, IST, Spacio na Carina nyingi tulizonazo huvutwa na magurudumu ya mbele. Difu yao imo ndani ya giaboksi, inaoga oili ileile ya giaboksi, na nyuma hakuna cha kutiwa kitu. Gari hizo zikiwa za kusukuma magurudumu yote manne ndipo utakuta difu ndogo nyuma.

Chungulia chini. Ukiona bomba refu la propela linatoka mbele na kuishia kwenye tungi la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, hilo tungi ndilo difu. Hilux, Hiace, Land Cruiser, Mark II, kirikuu, Noah za zamani, na zile daladala zetu za mbao, zote zinalo. RAV4 ya magurudumu manne inalo dogo ambalo oili yake haifiki hata lita moja. Toyota za kazi nyingi hunywa lita 2 hadi 3 na ushei. Pima kwa gari yako, usipime kwa gari ya jirani.

Kwa nini difu ina oili yake

Ndani ya tungi mna krauni, lile gurudumu kubwa la meno, na pinioni, gia ndogo iliyo kwenye ncha ya propela. Pinioni haiielekei krauni katikati kabisa. Imeshushwa kidogo chini ya mstari wa katikati, na mtindo huo wa meno huitwa haipoidi. Kwa kushushwa hivyo propela hukaa chini, meno mengi zaidi hushikana kwa pamoja, na difu hutulia sauti. Ila kuna malipo yake: meno hayabingiriki tu juu ya menzake, yanaburuzana.

Kama umewahi kumwona bibi akisaga liwa juu ya jiwe, umeshaielewa difu. Kipande cha liwa kinasuguliwa, maji yanakimbilia pembeni, na pale chini ya mkono panabaki liwa na jiwe. Katika difu uzito wa gari na mzigo wake ndio mkono. Oili hukamuliwa kutoka kati ya jino na jino, hata iwe nene kama asali. Kwa hiyo unene peke yake haumlindi mtu hapo.

Kinacholinda ni dawa zilizochanganywa ndani ya oili, aghalabu za salfa na fosforasi. Pale meno yanapogandamizana na joto kupanda, dawa hizo hushikana na chuma na kutengeneza utando mwembamba sana juu ya jino. Utando unasuguliwa badala ya chuma, unaliwa, unajitengeneza tena. Ile harufu kali ya yai viza unayoisikia ukifungua kopo la oili ya difu ndiyo salfa hiyo. Oili ya injini haina dawa hizo kwa kiasi cha kutosha difu, na oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo bado wapo wanaoitia ati "kwa muda tu", hiyo ni balaa juu ya balaa, kwani inaingia na masizi na vumbi la chuma.

Herufi mbili na tarakimu moja

Sasa geuza kopo utafute maandishi haya: GL-4 au GL-5. Ni daraja lililowekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, ile inayoandikwa API. GL-5 ina dawa nyingi na imekusudiwa meno ya haipoidi yaliyo kwenye kazi ngumu. GL-4 ina dawa pungufu, takriban nusu ya zile za GL-5, na mahali pake hasa ni giaboksi za mkono. GL-1, GL-2 na GL-3 ni za zama zilizopita, usihangaike nazo.

Difu ya nyuma ya gari karibu zote tulizozitaja inataka GL-5. Hapa hakuna mjadala wa bei wala wa unene. GL-4 nene ya 140 ni mbaya kwa difu ya haipoidi kuliko GL-5 nyepesi ya 75W-85. Mwenye duka akikuonesha kopo lisilo na alama ya GL yoyote, limeandikwa tu kwa herufi kubwa kwamba ni oili ya gia, mrudishie kwa adabu.

Kuna na upande wa pili, ambao umewatia hasara wengi. Ukibakisha GL-5 baada ya kujaza difu, usiimalizie kwenye giaboksi ya mkono hivihivi. Ndani ya giaboksi nyingi mna pete za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza, na baadhi ya dawa za GL-5 huila shaba pole pole, au huiacha pete iteleze pale inapotakiwa ishike. Zipo giaboksi ambazo kitabu chake kinaruhusu zote mbili. Kitabu kikiruhusu, tia. Kikinyamaza, weka kopo kabatini.

Namba zile, na baridi isiyokuja

Baada ya GL ndipo tunafika kwenye nene na nyepesi. Kwenye kopo utaona 75W-90, 80W-90, 85W-140 au 90 tupu. Namba ya kwanza, yenye W, inahusu baridi. Oili ya 85W imepimwa kwamba bado inaweza kusogea kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, ya 80W kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ya 75W kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Sisi hapa, usiku wa kipupwe wa Julai watu wanapotoa masweta, joto huwa bado juu ya nyuzi 18 au zaidi. Basi kwa baridi peke yake, kulipia zaidi ili upate 75W badala ya 80W ni sawa na kununua koti la theluji. Utakuta 75W nyingi zina bei kubwa kwa sababu zimetengenezwa kwa oili ya sintetiki, na sintetiki ina faida nyingine nitakayoifikia. Baridi siyo sababu.

Namba ya pili ndiyo yetu. Inaeleza unene pale oili inapokuwa na joto la nyuzi 100, ambalo difu yenye mzigo inaweza kulikaribia. 90 ni unene wa kawaida. 140 ni mzito zaidi. Kati yao kuna 110, iliyoongezwa kwenye jedwali mwaka 2005, lakini madukani kwetu si rahisi kuiona. Chini ya 90 kuna 85, inayotajwa na vitabu vya gari nyingi za karibuni kama 75W-85, kwa sababu watengenezaji wanatafuta kupunguza ulaji wa mafuta.

Angalizo moja kabla hatujaendelea. Namba za oili ya gia na namba za oili ya injini hazipimwi kwa kipimo kimoja. Ni kama pishi na ratili, zote ni vipimo lakini huwezi kuzilinganisha kwa tarakimu. Oili ya gia ya 90 ikiwa moto ina unene unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Kwa hiyo yule anayekwambia "difu inataka 90, basi injini ya 40 ni nyepesi mno" amekosea hesabu, na yule anayetia injini ya 50 kwa kuwa "unene ni uleule" ameipata hesabu akakosa dawa.

Kitabu cha Kijapani kinasomeka

Gari zetu nyingi zimetoka Japani mkono wa pili, na kitabu kikiwemo kwenye droo basi kimejaa maandishi ya Kijapani. Usikitupe. Fungua kurasa za mwisho, penye majedwali. GL-5, 75W-85, SAE 90 (ndiyo ile 90 tupu) na kiasi cha lita huandikwa kwa herufi na tarakimu hizihizi zetu. Tafuta mstari wenye GL-5, na mara nyingi huo ndio wa difu. Kama mistari ni miwili, huenda mmoja ni wa difu ya mbele.

Kama kitabu hakimo, tazama kibati cha utambulisho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Toyota huandika pale TRANS/AXLE na kufuatiwa na herufi na namba. Piga picha kibati chote. Muuza spea anayejua kazi yake ataisoma hiyo na kukwambia ekseli yako ni ya aina gani.

Mimi huamua hivi. Toyota za zamani za kazi, vitabu vyao husema wazi: GL-5, SAE 90 kwa nchi ambazo joto haliteremki chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na 80W-90 kwa zile za baridi zaidi. Kwetu 90 tupu, 80W-90 na 85W-90 zote zinafaa, chukua iliyo ya kuaminika. Gari mpya inayotaka 75W-85, itafute, na ukiikosa 75W-90 ya GL-5 ndiyo jirani yake wa karibu. Usiruke hadi 140. Lori au daladala inayobeba watu mpaka juu na magunia kwenye keria, njia ya Nungwi au Makunduchi kutwa mara kadhaa, hapo 85W-140 inaweza kuwa na maana, na baadhi ya vitabu vya malori vina jedwali la joto linalokufikisha huko. Lakini kitabu kiseme. Dereva kuchoka na kelele hakutoshi.

Maana hilo ndilo linalofanyika. Difu inaanza kuvuma, mtu anatia 140, mvumo unapungua wiki mbili, anashukuru. Beringi iliyokwisha haiponi kwa oili nene. Inafichwa tu, kama wale wauza gari wa zamani waliokuwa wakitia unga wa mbao ndani ya difu ili mnunuzi asisikie kitu mpaka amefika kwake. Halikadhalika sili inayovuja, yaani ule mpira unaozuia oili isitoke. Oili nene huvuja pole pole, lakini huvuja.

Pemba naiweka peke yake, kwa sababu ya vilima. Unguja barabara nyingi ni tambarare na difu inafanya kazi ya kusukuma tu. Lori linalotoka Konde na magunia ya karafuu kwenda Chake, au linaloteremka kuelekea bandari ya Mkoani, linapanda kwa nguvu kisha linateremka kwa kuzuiwa na gia. Wakati wa kuteremka meno yanagandamizwa upande wa pili, ule ambao kwa kawaida unapumzika. Gari ya kazi hiyo mimi ningeipa sintetiki ya GL-5, 75W-90, kabla ya kufikiria 140. Sintetiki haivunjiki haraka kwa joto na hudumu zaidi. Gari ya kwenda kazini na kurudi, oili ya kawaida ya 80W-90 inayobadilishwa kwa wakati inatosha kabisa, hiyo pesa nyingine nunua matairi.

Difu zinazobana

Baadhi ya gari zina difu isiyoruhusu gurudumu moja kuzunguka bure wakati jingine limesimama kwenye mchanga. Ndani yake mna sahani zinazosuguana kwa makusudi, na huitwa LSD. Hizo zinataka GL-5 iliyoandikwa LSD, yenye dawa ya ziada ya kulainisha msuguano wa sahani. Ukitia GL-5 ya kawaida utasikia difu ikitetemeka na kugonga ukikata kona za pole pole.

Kuitambua: weka vizuizi magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma yote uiegemeze juu ya stendi imara, gia iwe huru, hendibreki iteremshwe. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Jingine likienda kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande uleule, kuna uwezekano mkubwa ni LSD. Kumbuka kwamba LSD iliyochakaa hujifanya difu ya kawaida, kwa hiyo kibati na kitabu vina neno la mwisho.

Dukani

Nunua kopo lililofungwa. Tazama karatasi ya ndani ya kifuniko kama haijabanduliwa na kurudishwa, tazama namba ya toleo kama imechapwa kwenye kopo lenyewe na si kwenye stika iliyopinda, linganisha na kopo jingine la aina hiyohiyo rafuni. Yakitofautiana rangi ya maandishi, uliza.

Mimi nilipimiwa kwenye pipa mara moja, sitataja duka wala mtaa. Nilipokuja kuimwaga miezi michache baadaye ilikuwa nyepesi kama mafuta ya kupikia na haina harufu ya salfa hata chembe. Ilikuwa nini sijui hadi leo. Kama huna budi kununua ya kupima, taka uoneshwe pipa lenyewe na maandishi yake, chukua chombo kikavu kutoka kwako, na unuse. Harufu kali haihakikishi kwamba oili ni njema, lakini oili ya difu isiyonuka kabisa inakutaka ujiulize.

Kuchanganya: ukihitaji kuongeza nusu lita njiani, GL-5 ya kampuni moja na ya nyingine zinaweza kukutana bila ugomvi mradi unene unakaribiana. Kwa LSD usichanganye.

Kuibadilisha mwenyewe

Hii kazi haina ufundi mkubwa, lakini ina sheria moja ambayo nitaianza kwa kisa. Siku moja ya Ijumaa, Bububu, nililala chini ya gari asubuhi nikafungua nati ya chini, oili yote ikateremka kwenye beseni, nikaifurahia. Nikaigeukia nati ya juu, ya kujazia. Imeganda. Kutu ya chumvi ya miaka. Spana ikateleza, pembe za nati zikaliwa, adhana ikaadhiniwa, nami nina gari isiyo na tone la oili na isiyoweza kwenda kokote. Nilitoka pale baada ya Alasiri kwa msaada wa kijana mwenye mashine ya kuchomea, aliyechomea nati nyingine juu ya ile iliyoharibika ndipo ikakubali.

Basi: nati ya kujazia kwanza. Ikikataa kufunguka, hujapoteza kitu, gari bado inatembea, ipeleke kwa fundi.

Tembeza gari kilomita chache ili oili ipate joto na iteremke vizuri. Isimamishe mahali tambarare, kwa sababu kipimo kitakuja kutegemea hilo. Kama unainyanyua, jeki ni ya kunyanyulia tu. Ya kulala chini yake ni stendi. Piga brashi ya waya kuzunguka nati zote mbili, utoe mchanga, vinginevyo utauingiza ndani mwenyewe. Toyota nyingi za zamani hutumia spana ya 24, nyingine zinataka ufunguo wa pembe sita wa ndani, wa milimita 10. Tumia boksi spana, siyo spana ya mdomo wazi.

Ikishafunguka ya juu, fungua ya chini. Iache ichuruzike, usiharakishe, kunywa chai. Ikiisha, itazame nati ya chini. Nyingi zina sumaku kwenye ncha. Ukikuta ujiuji wa kijivu, laini kama wanja, hiyo ni kawaida, ni chuma kilicholika kidogo kidogo. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au kipande chenye umbo la jino, hayo ni mazungumzo mengine na fundi kabla hujanunua oili yoyote. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema difu ilipata joto kupita kiasi au imekaa mno.

Badilisha washa za nati, ni vitu vidogo na vya bei ndogo. Funga ya chini. Toyota za zamani zenye nati ya 24 hutaka nguvu ya Nm 49 hivi, ambayo kwa mkono ni kukaza barabara bila kuning'inia kwenye spana. Jaza kwa bomba la mkono, au kwa chupa iliyovalishwa mpira, kupitia tundu la juu. Oili nene ni mvivu, nayo itakuchosha. Anika makopo juani saa nzima kabla ya kazi, utashukuru.

Unajaza mpaka wapi? Chopeka kidole kwenye tundu, ukikunje kuelekea chini. Toyota hutaka uso wa oili uwe kati ya ukingo wa tundu na milimita 5 chini yake. Ikianza kumwagika, iache imwagike mpaka isimame yenyewe, kisha funga. Usiongeze kwa kuinamisha gari ati ipate akiba. Difu iliyojazwa kupita kiasi huchemka, hutoa povu na kusukuma oili kwenye sili za ekseli, na ikipita hapo inaingia kwenye breki za nyuma.

Bahari na masika

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, maana visiwa vyetu vinaua difu nyingi kwa maji kuliko kwa oili mbaya.

Juu ya ekseli kuna kijitundu cha kupumulia, chenye kofia ndogo au mpira. Difu ikipata joto, hewa iliyomo hupanuka na kutoka hapo. Ikipoa, hewa huingia. Sasa fikiria pikapu iliyotoka mjini mpaka Paje, difu ni moto, bamvua imetoa maji mbali, na dereva anashuka mchangani kuufuata mwani, au anaingia kwenye maji kuipokea ngalawa ya samaki. Tungi la moto linakutana na maji. Hewa ya ndani inanywea ghafla, na difu inavuta pumzi. Inachovuta ni kilichopo karibu na kijitundu na kwenye midomo ya sili, yaani maji ya chumvi. Masika ni hivyohivyo. Waliokuwa wakivuka maji ya Mwanakwerekwe yalipokuwa yakifunika barabara wanaujua mchezo huo, ila yale angalau hayakuwa na chumvi.

Na kijitundu kikizibwa na mchanga au tope, hewa hukosa njia ikapita kwenye sili, ukaona difu inavuja ukabadilisha sili, ikavuja tena. Kabla ya kununua sili, kizibue kijitundu.

Ukishaingia majini, ipime difu kesho yake asubuhi. Acha gari isimame usiku kucha mahali tambarare, usiiwashe. Legeza nati ya chini kidogo tu, bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, yamekaa chini, yatatoka yenyewe kwanza. Kikitoka kitu chenye rangi ya chai ya maziwa, maji yameshachanganyika. Hapo mwaga yote, tia GL-5 ya bei nafuu, tembea kilomita chache bila mzigo, mwaga tena, ndipo utie ile unayokusudia. Usioshe kwa petroli wala mafuta ya taa, hubaki kwenye pembe za difu na kuipunguza nguvu oili mpya. Na usisubiri mwisho wa mwezi, chumvi haikungoji.

Wanaoshuka pwani kila bamvua, ongezeni mpira kwenye kijitundu, upandisheni mpaka ndani ya bodi, juu kuliko maji yatakayofika. Nilifanya hivyo kwa mpira mfupi na kibano, na chai ya maziwa sijaiona tena kwenye difu yangu.

Muda wa kubadilisha: vitabu vingi hutaja kilomita 40,000 au zaidi kwa gari ya matumizi ya kawaida. Mzigo, mchanga na vilima huukata muda huo nusu. Gari ya mkono wa pili iliyoshuka melini juzi, badilisha mara moja, hujui iliyomo ni ya lini.

Oili uliyoitoa usiimwage shimoni. Unguja tunakunywa maji ya chini ya ardhi, na jiwe letu la matumbawe linapitisha kila kitu kama kung'uto. Itie kwenye dumu uifunike. Kuna watu wataitaka kwa kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, na gereji nyingine huikusanya.

Baada ya siku mbili tatu za kutembea, chungulia chini uone kama nati zote mbili ni kavu. Kisha chukua kipande cha karatasi ya kunata, andika tarehe, kilomita zilizosomeka, na "difu GL-5 80W-90", au chochote ulichotia, ukibandike ndani ya boneti, ili fundi atakayefuata asome pale badala ya kukuuliza nene au nyepesi.